Nyumba ya Papa Banza, Niliyoitayarisha Kupita Kiasi

Ninyi vijana mnaotembea na simu mbili mkononi na kujiita makomisionere, kaeni kidogo. Nimefanya kazi hiyo ya kutafutia nyumba wanunuzi hapa Lubumbashi tangu nikiwa na meno yote, na leo ninatafuna upande mmoja tu. Wengi wenu mmesikia habari ya kilio cha mtaa wa Bel-Air, na kila anayeisimulia hutia chumvi yake. Aliyekianzisha kilio kile ni mimi. Acheni niwaambie mwenyewe.

Lakini kwanza kazi, maana naona mnapaka rangi ovyo.

Udongo wetu mwekundu hurukia ukuta kila mvua inaponyesha. Ndiyo maana chini, mpaka usawa wa goti, unapaka nyeusi au kahawia, na juu ndipo unaweka nyeupe. Ukipaka nyeupe mpaka chini, baada ya mvua mbili nyumba inafanana na mtu aliyevuka matope na suruali ya harusi. Chokaa utie chumvi, la sivyo mnunuzi akiegemea ukuta ataondoka na nusu yake mgongoni. Nimeliona hilo. Bwana alikuwa na suti nyeusi, mke wake akampangusa njia nzima mpaka kwenye gari bila kusema neno, na hawakurudi. Kichuguu kikiwa ndani ya uwanja, usikibomoe. Mwambie mnunuzi kwamba tofali za uzio wake ziko ndani ya udongo ule zinamngoja. Na bomba lisilotoa maji usilifungue mbele ya mgeni ukitegemea bahati. Jaza pipa asubuhi, mwonyeshe pipa, na akikuuliza juu ya bomba, mwambie.

Hilo la mwisho, la kumwambia, nilijifunza nikiwa nimezeeka.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kalenga, mzee mwenye baiskeli ya kike na koti la suti ambalo suruali yake hatukuwahi kuiona. Kwake yeye, dawa ya ufa ilikuwa kalenda. Siku moja kule Hewa Bora tulitundika kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji juu ya ufa ambao mkono wako ungepita. Mnunuzi alikuwa mama mmoja mpole. Alizunguka nyumba yote, akarudi mbele ya kalenda, akatabasamu.

"Baba, iyi kalenda iko muzuri. Munipatie."

"Mama, ni ya mwaka wa zamani," Papa Kalenga akasema, jasho likimtoka.

"Hakuna neno. Minapenda picha."

Akaishusha mwenyewe. Kupitia ufa tukamwona jogoo wa jirani, naye akatuona. Mama yule alikunja kalenda vizuri, akashukuru, akaenda nayo. Nyumba hakuinunua. Tulipofika barabara ya lami, Papa Kalenga akasema, "Kosa yetu ni picha. Ilikuwa muzuri sana."

Siku hizi ninyi mnapiga picha za simu ambamo jiko linaonekana kubwa kama kanisa, kisha mtu anafika na kugonga kiwiko ukutani. Ni kalenda ileile tu.

Katika yote aliyonifundisha mzee yule, mawili niliyashika kama sala. La kwanza: siku ya mnunuzi kufika, toa viti na meza zote sebuleni, ili chumba kionekane kikubwa. La pili: mwenye nyumba asiwepo, kwa sababu akikaa na mgeni dakika tano ataanza kumsimulia jinsi paa lilivyovuja. Nyumba nyingi niliziuza kwa hayo mawili. Na hayo mawili ndiyo yaliyoniangusha.

Papa Banza alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, mke wake amekwisha kufa, naye akiishi na binti yake mkubwa, Rose, mshonaji. Binti mdogo, Odette, alikuwa mwalimu na mama wa watoto watatu. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Ndugu zake walikuwa wameanza kuitazama nyumba ile ya Bel-Air kama watu wanaotazama sufuria iliyo jikoni. Aliniita, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini:

"Stany, siku nitakufa, bandugu batafukuza bana bangu hata mbele sanduku ishuke mu kaburi. Minataka niuzishe nikingali muzima. Ninunue nyumba mbili ndogo ku Hewa Bora. Moja ya Rose, moja ya Odette, karatasi mu majina yabo. Bei ikikuwa chini ya ile, mumoja atabakia inje. Unasikia?"

Nilisikia. Bei ya nyumba mbili. Hilo tu ndilo nililotakiwa kulipata.

Nikampata mnunuzi, mwuzaji wa unga wa mahindi mwenye malori, tuliyemwita Patron Freddy. Angefika siku ya Alhamisi asubuhi. Basi Alhamisi mapema nikamtuma Papa Banza shambani kwake, huko Annexe nje ya mji, akaangalie matuta, maana mvua zilikuwa zimekaribia. Simu yake ilikuwa imezimika, kwa kuwa mtaa haukuwa na umeme tangu juzi. Nikaona heri, hatanisumbua.

Kisha nikaanza kazi, na ninawaambia, sijawahi kutayarisha nyumba vizuri namna ile. Mimi na wabebaji wawili tulitoa makochi yote nje, tukayapanga kwenye uwanja, mstari ulionyooka. Wingu lilikuwa limetanda, kwa hiyo nikakodi turubai dogo na viti vichache vya plastiki, ili wageni wasubiri kwa heshima. Kulikuwa na kabati kubwa lililoliwa na mchwa; nikalipasua, nikawasha moto katikati ya uwanja kulimaliza. Sebule ikabaki tupu, sakafu ya saruji inang'aa, sauti inarudi ukiongea. Rose alitoka jikoni, akaona kochi la mama yake limekaa nje, akaanza kulia. Nikamwambia, "Ulilie ku nyuma, mama, usichafue rangi."

Ninyi mliozaliwa hapa mmekwisha kuelewa. Mimi niliyezaliwa hapahapa sikuelewa. Kwetu mtu akifa, makochi yanatoka nje ili wanawake wakae chini sebuleni. Wanaume wanakaa uwanjani chini ya turubai, wakizunguka moto wa magogo. Jirani hahitaji kuulizwa wala kuitwa. Anaona viti, anakuja. Nami nilikuwa nimeviweka vyote, kwa mkono wangu, huku nikipiga mluzi.

Mama Chantal, jirani, alichungulia juu ya uzio. Aliona makochi, aliona moto, akamwona Rose.

"Rose! Kuko nini? Papa iko wapi?"

"Papa..." Rose akasema, akanyoosha mkono kuonyesha njia ya Annexe, lakini machozi yalimzuia kumaliza.

Mama Chantal akaweka mikono yote miwili kichwani. Alipiga kelele ambayo nadhani iliwatoa watu vitandani hospitalini.

Nusu saa haikupita. Walikuja wazee wa reli na kofia mkononi. Wakaja akina mama wa kanisa, wamefunga vitenge, mbele yao Mama Julienne, mkubwa wa kwaya, mwanamke mpana na mwenye sauti. Wanaume walikaa kwenye mstari wangu mzuri wa makochi. Wanawake waliingia sebuleni wakakaa kwenye sakafu yangu inayong'aa. Kilio kikaanza. Rose alijaribu kusema, lakini kila alipofungua kinywa, mama mmoja alimkumbatia na kumziba uso kwa kifua.

Mtaniuliza: na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa kwenye lango, naye Patron Freddy alikuwa anashuka garini. Hapo ndipo ningeweza kusema kweli kwa maneno matatu.

"Papa Stany," akasema, akitazama uwanja, "bale bantu bote ni ba nini?"

"Banakuja kuona nyumba, Patron."

"Bote?"

"Ni nyumba ya Bel-Air, Patron."

Akamtazama Mama Chantal aliyekuwa anagaagaa karibu na pipa la maji. "Na ule mama, juu ya nini analia?"

"Bei ilimushinda."

"Na bale bengine?"

"Banamusaidia."

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka tu, kama yalivyokuwa yakitoka miaka yote, na nilipoona uso wake umebadilika, umeshikwa na hofu ya kunyang'anywa nyumba, nilifurahi. Huo ndio ukweli wangu na sina mahali pa kuuficha. Nilifurahi.

Tuliingia ndani. Mama thelathini walikuwa chini, bega kwa bega.

"Banakaa chini?" akanong'ona.

"Banapima ukubwa ya salon, Patron. Wa kusimama hawezi kujua."

Patron Freddy alifikiri kidogo. Kisha alivua viatu, akajipenyeza kati ya Mama Julienne na ukuta, akakaa chini. Mama Julienne akampigapiga mgongoni.

"Pole, papa. Uvumilie."

"Sitavumilia, mama," akajibu kwa ukali. "Iyi nyumba, mi njo nitaichukua."

Mama Julienne akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye soksi. "Ah," akasema, "weye uko ndugu yake kabisa."

Mvua ya kwanza ya msimu ikaanguka ghafula, ile ya matone makubwa. Wanaume wakakimbilia ndani, na kwaya ikaanza kuimba ili kuyashinda mabati. Patron Freddy aliniuliza kwa ishara: na wanaimba? Nikamjibu kwa ishara kwamba wanajaribu sauti ya chumba. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Wakati huo Kabamba alifika. Huyu ni mtoto wa ndugu ya Papa Banza, mmoja wa wale waliokuwa wanatazama sufuria. Hakuingia kulia. Alikuja na mkokoteni, na mkononi alikuwa na kopo la oili chafu ya gari na brashi. Akasimama chini ya ukingo wa paa asilowe, akaandika kwenye ukuta wangu mweupe, herufi kubwa kama mbuzi: NYUMBA HAIUZISHWE. Mnayajua maandishi hayo, yamejaa mjini mwetu. Familia huyaandika ili ndugu mmoja asiuze kwa siri. Patron Freddy alitoa kichwa dirishani, akayaona.

"Ni nini ile?"

"Ni mushindani wako, Patron. Anataka bengine baogope, abakie peke yake."

"Iko na akili sana," akasema Patron Freddy, akaruka akasimama, akanishika mkono kwa nguvu. "Bei yenye ulisema. Yote. Leo leo."

Bei ya nyumba mbili, vijana. Niliisikia kwa masikio haya, katikati ya kilio, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake.

Pikipiki ikasimama kwenye lango. Mvua ilikuwa imemfukuza Papa Banza shambani.

Nilimwona kabla ya wengine. Alishuka akiwa amelowa, koti limemng'ang'ania. Aliona makochi yake yananyeshewa. Aliona turubai, aliona moto unaofuka, akasikia wimbo. Mimi nilifikiri atakasirika. Hakukasirika. Alishika nguzo ya lango, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mwanamume.

"Ni nani? Ni Rose? Bamama, muniambie, ni Rose? Ni Odette?"

Watu walimsikia, wakageuka, wakamwona marehemu langoni. Siwezi kuwaeleza vizuri kilichofuata. Mzee mmoja wa reli alitoka kwa dirisha na kofia yake. Mama Chantal aliingia ndani ya pipa la maji. Mama mmoja aliyekuwa ameelekeza uso ukutani hakuona lolote, akaendelea kulia peke yake kwa muda mrefu, akimsifu Papa Banza kwa ukarimu wake. Rose alipasua kundi lile la vitenge na kumwangukia baba yake. Ndipo Odette naye akafika mbio kutoka shuleni, kiatu kimoja mguuni, chaki bado mkononi. Alikuwa ameambiwa kwamba baba yake amekufa.

Papa Banza aliwashika wote wawili, mmoja kila mkono, akawagusa nyuso kama kipofu. Aliwahesabu. Wawili. Kisha akauliza, "Basi ni nani alikufa?"

Wanakwaya wakamsukuma mkubwa wao mbele. Mwishowe Mama Julienne akasafisha koo.

"Ni weye, Papa."

"Mimi?"

"Eyo."

"Mimi nilikufa saa ngapi?"

"Asubui, banasema."

Papa Banza akatazama pande zote. Nje, friji yake ilikuwa tayari juu ya mkokoteni, imefungwa kamba.

"Kabamba. Friji yangu inaenda wapi?"

"Tulikuwa tunaichunga, Papa," Kabamba akasema, brashi bado mkononi. "Juu ya mvua."

Ndipo macho ya mzee yakanifikia. Hakupiga kelele. "Stany, weye njo mwenye kutengeneza bintu iyi. Ueleze bantu."

Nikaeleza. Makochi, moto, Rose, Mama Chantal. Ningeweza kukomea hapo na wangecheka, na wengine walikuwa wameanza. Lakini Patron Freddy alikuwa amesimama pale na soksi zake, akaniuliza mbele ya wote, "Na mimi? Mimi uliniambia nini?"

Nikasema na hilo. Kicheko kikakatika.

Alivaa viatu polepole. "Papa Stany," akasema, "kama unaweza kutumia kilio ya muntu juu ya kuniongopea, mimi nitaamini je karatasi ya nyumba yenye utanipatia?" Akampa mkono Papa Banza, akamwambia pole, kisha akakumbuka kwamba hajafa, akampa hongera, akaenda zake.

Papa Banza aliwaambia watu wakae, kwa kuwa walikwisha kuja. Rose alipika chai. Nilisikia mzee akimwambia Odette kwamba sasa anajua nani atamlilia na nani atakuja na mkokoteni. Alisema kama mzaha, lakini chai yake haikunyweka.

Baada ya siku ile hakuna mnunuzi aliyepiga hodi. Nilipaka chokaa juu ya maandishi ya Kabamba mara tatu, na mara tatu oili ilitokeza, kila mara ikisomeka vizuri zaidi. Mjifunze: oili haifunikwi, inakwanguliwa pamoja na plasta yote. Habari ilikuwa imeenea mji mzima, na waliokuja walikuja kucheka.

Aliyeinunua ni Mama Julienne. Alikuja mwenyewe, bila komisionere, akamwambia Papa Banza kwamba amekwisha kuitazama nyumba kuliko mnunuzi yeyote: alikaa kwenye sakafu ile kwa muda wa saa mbili bila kuona mahali inapovunjika, na mvua ilipiga juu ya kichwa chake lisidondoke tone. Mimi katika ujanja wangu wote sikuwahi kumpa mtu ziara ya namna hiyo. Lakini mama yule hakuwa na malori. Alitoa alichokuwa nacho, na Papa Banza hakuwa na mnunuzi wa pili. Ikatosha nyumba moja Hewa Bora, na kiwanja kidogo jirani, chenye msingi tu.

Rose hakungoja kuulizwa. "Odette iko na bana batatu," akasema, akauchukua msingi.

Papa Banza aliishi kwa Odette, akafa miaka miwili baadaye, kifo cha kweli, ukuta wa Rose ukiwa bado usawa wa madirisha. Ndugu walifika wote. Waliuliza ni kipi cha marehemu, wakaonyeshwa redio na jozi ya viatu. Kabamba akachukua redio. Mimi nilikaa mwisho wa mstari wa viti. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniita.

Nilijaribu kumsaidia Rose tofali. Alikataa bila ugomvi, kama mtu anayekataa sukari. Alishona magauni, akanunua tofali chache chache, akilala kwenye kona ya sebule ya mdogo wake, misimu minne ya mvua. Nilikuwa nikipita barabara ile na kuhesabu mistari ya ukuta, kisha naendelea. Kazi niliiacha. Si kwa sababu ya uzee, ingawa ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu.

Siku moja aliniita kutoka ndani ya kiwanja.

"Papa Stany, kuja. Fundi anataka kutoboa mulango mukubwa. Weye unajua manyumba. Uniambie niuweke wapi. Na usinidanganye, iyi sitaiuzisha."

Nilisimama pale muda mrefu kuliko alivyotegemea. Maisha yangu yote nilikuwa nimezitazama nyumba kwa macho ya mtu atakayekuja kuziona nusu saa. Kutazama kwa ajili ya mtu atakayelala ndani kulinichukua muda. Fundi alikuwa amechora mlango kwa chaki upande wa barabara, pazuri, mahali ambapo hata mimi ningepiga picha. Nikatembea mpaka barabarani, nikarudi taratibu nikiangalia chini, nikaiona njia ya maji ikishuka moja kwa moja mpaka pale.

"Hapa," nikamwambia, "kila mvua utalala na ndoo mukononi. Uweke kule, ku jikoni. Hautaonekana muzuri."

Rose akautazama mteremko. Akaitazama chaki. Kisha akalowesha pembe ya kitenge chake kwa mate, akainama, akaifuta.